Nakala ya diski kwa kompyuta ya jukwaani: sauti itarudi baada ya dakika ngapi?

Fundi sauti mmoja wa Arua, hapa Uganda, ameniandikia hivi:

"Mwalimu, salaam kutoka Arua. Natumia laptopu moja ya Windows kwa kazi zangu zote za sauti makanisani, harusini na kwenye matamasha. Inapiga traki za kusindikiza kwaya na wanamuziki, na inarekodi chaneli 32 kutoka kwenye mikisa ya Behringer X32 kwa kebo ya USB. Leseni za programu zangu zote zimo humo humo. Ina SSD ya GB 256 yenye Windows, na diski ya kuzunguka ya TB 1 yenye nyimbo na rekodi. Kila mwisho wa mwezi nachomeka diski ya nje na kuburuta folda zote kuingia humo. Mwenzangu anasema hiyo si nakala ya kutegemewa. Je, ana haki? Na je, ni salama kuiacha programu ya nakala ifanye kazi yenyewe hata wakati wa onyesho?"

Ndugu yangu, mwenzako ana haki, ila si kwa kila kitu. Nyimbo na rekodi zako zina nakala, japo moja tu na ya mwezi mzima uliopita. Kompyuta yenyewe ndiyo isiyo na nakala hata kidogo. Unapoburuta folda, unanakili kile ulichokiweka wewe: faili za sauti, nyaraka, labda na miradi ya programu yako ya kurekodi. Huinakili Windows, wala draiva ya ASIO inayoiunganisha laptopu na mikisa, wala programu-jalizi zako, wala mipangilio ya bafa (akiba fupi ya sauti inayosubiri kupigwa) na ya njia za sauti uliyoirekebisha kwa miezi mingi, wala leseni. SSD hiyo ya GB 256, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ikifa Jumamosi asubuhi, utakuwa na nyimbo zote mkononi na huna chombo cha kuzipigia. Kusakinisha upya Windows, kutafuta draiva sahihi, kupakua programu na kuingiza leseni ni kazi ya siku nzima palipo na intaneti nzuri. Karani wa ofisini anaweza kuivumilia siku hiyo. Bibi harusi hawezi.

Kwa sababu hiyo, mimi sianzi kwa kuuliza iwapo fundi ana nakala. Ninaanza kwa kuuliza ni dakika ngapi zitapita tangu chombo kiharibike mpaka sauti isikike tena, na yeye mwenyewe anaweza kuvumilia ngapi. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ununue nini, unakili nini, na ukiweke wapi. Ukilijibu kwa uaminifu utagundua kwamba ndani ya laptopu yako mna vitu vitatu vyenye tabia tofauti, na kwamba umekuwa ukivitunza kwa njia moja. Kuna mashine, yaani Windows na kila kilichosakinishwa, ambayo hubadilika mara chache na ikiharibika hakuna linalowezekana. Kuna onyesho, yaani traki za leo, mpangilio wake na faili ya mikisa, ambalo ni dogo kwa ukubwa lakini hubadilika hadi dakika za mwisho za majaribio ya sauti. Na kuna rekodi, ambazo ni kubwa mno, lakini zikishaandikwa hazibadiliki tena, wala hakuna anayezihitaji usiku ule ule.

Nianze na mashine, kwa kuwa ndipo ulipo uchi kabisa. Unachohitaji hapa ni taswira ya diski nzima: nakala ya kila sehemu ya SSD, pamoja na zile sehemu ndogo zilizofichika ambazo Windows huzitumia kuwaka, ili ukiirudisha kwenye SSD nyingine mashine iamke ikiwa vile vile ilivyokuwa. Programu ya Clonezilla hufanya kazi hii bila malipo. Huwashwa kutoka kwenye flashi, kwa hiyo wakati wa kunakili Windows haifanyi kazi na hakuna faili iliyo wazi. Sura yake ni maandishi matupu na inahitaji utulivu, kwani ukikosea kuchagua kati ya diski ya kunakili na diski ya kupokea, utafuta ile iliyo na kazi zako. Andika kwenye karatasi jina na ukubwa wa kila diski kabla ya kuanza, na uchomoe kila diski isiyohusika. Macrium Reflect, programu nyingine ya kazi hiyo, ambayo mafundi wengi waliizoea kwa sura yake nyepesi, haina tena toleo la bure linaloendelezwa, kwa hiyo ukiitaka hiyo itabidi ulipie.

Ushauri wangu mahususi kwako ni kununua SSD ya pili ya aina ile ile inayoingia kwenye laptopu yako, yenye ukubwa sawa au zaidi, kisha uinakilie ile ya kwanza moja kwa moja, diski kwa diski. Neno "au zaidi" lina uzito wake: kwa kawaida Clonezilla hukataa kunakili kwenda kwenye diski ndogo kuliko chanzo, na SSD mbili zilizoandikwa GB 256 kutoka viwanda viwili zinaweza kupishana kidogo. SSD hiyo ya pili huwekwa kwenye mfuko wa vifaa pamoja na bisibisi inayofaa skrubu za laptopu yako. Kwa laptopu ambazo mfuniko wake wa chini hufunguka bila taabu, fundi aliyejizoeza hubadilisha diski kwa muda wa robo saa hivi, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchelewesha onyesho na kulivunja. Jambo moja tu: ukimaliza kunakili, zima laptopu na uitoe ile nakala kabla ya kuwasha tena. Windows ikikuta diski mbili zenye kitambulisho kimoja, huiweka mojawapo kando au huibadilishia kitambulisho, na nakala iliyoguswa hivyo inaweza kukataa kuwaka siku unapoihitaji.

Kabla ya yote hayo, tazama kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 huwasha usimbaji huo zenyewe mara mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na wengi hawajui hata kama upo. Diski iliyofungwa hivyo ikihamishiwa kwenye mashine nyingine, au wakati mwingine vifaa vya ndani vikibadilishwa tu, huomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Uandike pia kwenye karatasi na uitunze mbali na laptopu. Kuuacha ndani ya laptopu yenyewe ni kufungia ufunguo wa ghala ndani ya ghala. Vilevile, kwa kawaida Clonezilla haisomi kilichomo kwenye sehemu iliyosimbwa, kwa hiyo hunakili kila sekta hata zilizo tupu, na kazi huwa ndefu zaidi. Kwa laptopu isiyobeba siri za mtu na ambayo haikai bila mwangalizi, mimi huona ni heri kuuondoa usimbaji huo kabisa. Lakini kama humo mna mikataba na hesabu za wateja, uache na uandike ufunguo.

Leseni ni mtego mwingine. Baadhi ya programu huitambua mashine kwa vifaa vyake, na ukibadilisha diski huiona kuwa mashine ngeni na kudai uthibitisho kupitia intaneti, katika uwanja ambao huenda hata simu haishiki mtandao. Leseni za programu-jalizi za Waves zinaweza kuwekwa kwenye flashi ya kawaida badala ya kompyuta, na programu zinazotumia iLok zinaweza kuwekwa kwenye kifunguo chake cha USB. Fanya hivyo kila inapowezekana, kwa sababu leseni iliyo kwenye USB huhama na wewe hata ukilazimika kuazima laptopu ya mtu. Ubaya wake ni kwamba flashi hupotea. Ifunge kwa kamba ndani ya boksi la vifaa, usiitie mfukoni.

Taswira mpya ya mashine huhitajiki kuichukua kila wiki. Ichukue baada ya badiliko ambalo umekwisha kulitumia kazini na kuridhika nalo, na uichukue kabla ya kuruhusu sasisho lolote kubwa la Windows, la draiva au la programu ya sauti. Ile iliyotangulia usiifute. Iache kwenye diski ya nje kama faili, kwa sababu kuna hitilafu zinazojitokeza wiki mbili baadaye, na hapo nakala ya karibuni itakuwa na ugonjwa ule ule. Wenye Mac wataniuliza kuhusu Time Machine, programu ya nakala iliyomo ndani ya Mac. Ni chombo kizuri cha kurudisha faili, lakini kurudisha mashine nzima kwa njia hiyo huchukua saa nyingi, na Mac zenye chipu za Apple haziwezi kuwaka kutoka diski ya nje iwapo hifadhi yake ya ndani imekufa. Kwa hao, nakala ya kweli ya jukwaani ni Mac ya pili.

Onyesho ni rahisi zaidi, na ndipo watu huzembea. Traki za harusi moja pamoja na mradi wake mara nyingi hazifiki hata GB 5, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuwa na nakala moja. Tatizo la kawaida halitokani na ukosefu wa nakala bali na nakala isiyo kamili: unanakili faili ya mradi, unaifungua kwenye laptopu nyingine, na nusu ya traki hazina sauti, kwa kuwa mradi ulikuwa ukizisoma kutoka folda nyingine ambayo hukuibeba. Kwa programu za kurekodi na kupiga traki, Ableton Live ina amri ya kukusanya sauti zote za mradi na kuzihifadhi pamoja, na Reaper ina chaguo la kunakili faili zote za sauti kwenye folda ya mradi wakati wa kuhifadhi. Itumie amri hiyo kila mara kabla ya kunakili. Na kwa kuwa Windows hutambua diski kwa herufi, ipe diski yako ya nyimbo herufi ya mbali, kwa mfano M, na diski ya akiba nayo uipe herufi hiyo hiyo siku inapochukua nafasi. Ukiiacha Windows ichague yenyewe, leo itakuwa D na kesho E, na programu itakuambia kwamba faili hazipo ilhali unaziona kwa macho yako.

Mikisa nayo ina onyesho lake. X32 huhifadhi mpangilio wake kwenye flashi kupitia mlango wa USB ulio juu, nayo hutaka flashi iliyoumbizwa kwa FAT32, mojawapo ya miundo ya kupanga faili. Baada ya majaribio ya sauti, hifadhi mpangilio huo kwa jina lenye tarehe na mahali, kisha uinakili faili hiyo kwenye folda ile ile ya traki, ili vyote vya siku hiyo vikae pamoja. Nimewaona mafundi wenye nakala tatu za nyimbo na hawana hata moja ya mikisa. Siku mikisa ya kukodi inapobadilishwa asubuhi ya shughuli, wanaanza kutafuta sauti ya kila maiki upya mbele ya wageni.

Folda hiyo ya siku ikishakamilika, iweke kwenye flashi mbili, moja kwako na moja kwa msaidizi wako, na iache pia kwenye diski ya ndani. Tena, unganisha traki za onyesho zima kuwa faili za kawaida za stirio na uzitie kwenye simu iliyowekwa katika hali ya ndege, ikiwa na kebo yake tayari kwenye chaneli ya akiba ya mikisa. Laptopu ikizimika katikati ya wimbo, unainua chaneli hiyo na shughuli inaendelea. Hutaweza kupunguza ngoma peke yake wala kuongeza kinanda, lakini waimbaji watamaliza wimbo, na katika hesabu yangu ya dakika hakuna nakala inayoishinda hii: sauti hurudi kwa sekunde chache.

Hifadhi ya wingu inafaa kwa folda za aina hii, kwa sharti kwamba ni nyongeza. Kuna mtego wa OneDrive ambao umewaaibisha wengi: Windows huweza kuzihamishia folda za Documents na Desktop kwenye wingu, kisha ikaacha kwenye diski majina ya faili tu, huku maudhui yenyewe yakisubiri kupakuliwa. Nyumbani hutagundua lolote. Uwanjani utabofya wimbo na hautacheza. Traki za kazi ziwe kwenye folda iliyo nje kabisa ya OneDrive. Zaidi ya hayo, huduma za kusawazisha hutii kila unachofanya: ukifuta faili kwa bahati mbaya upande huu, hufutwa na upande wa pili, hata kama hukaa kwa muda kwenye pipa la taka. Na hapa kwetu gharama haifichiki, kwani tangu Julai 2021 data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, na mwaka huo huo wa 2021, katika siku za uchaguzi wa Januari, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Nakala usiyoweza kuifikia siku ya kazi haina msaada siku hiyo.

Sasa rekodi, ambazo ndizo zinazokula diski zako. Chaneli moja ya sauti ya biti 24 kwa kHz 48 huandika baiti 144,000 kila sekunde. Chaneli 32 ni karibu MB 4.6 kwa sekunde, yaani takriban GB 16.6 kwa saa. Shughuli ya saa tatu inakupa GB 50, na shughuli ishirini za namna hiyo zinaijaza diski yako ya TB 1 hata kama haina kitu kingine. Kwa hesabu hiyo, kunakili mara moja kwa mwezi maana yake ni kuacha shughuli nne au zaidi, pengine ambazo wateja wamekwisha kulipia, zikitegemea diski moja inayozunguka. Wingu nalo halitakusaidia hapa: kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, GB 50 zinahitaji saa 22 bila kukatika.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine, na kwa rekodi sioni sababu ya kuibadilisha. Kwako ingekuwa hivi: rekodi ya asili kwenye laptopu, nakala ya kwanza kwenye diski ya nje usiku ule ule kabla ya kulala, na nakala ya pili kwenye diski nyingine inayokaa nyumba nyingine, kwa ndugu au kanisani, ambayo unaipeleka mara moja kwa wiki. Sehemu ya tatu ya kanuni ndiyo mafundi huipuuza zaidi, kwa kuwa laptopu na diski ya nje husafiri katika mfuko mmoja. Mfuko huo ukiibwa kwenye basi kati ya Arua na Kampala, vimekwenda vyote viwili. Mkisafiri wawili, kila mmoja abebe kimoja.

Usifute rekodi kwenye laptopu mpaka nakala mbili zimehakikiwa. Kuhakiki si kutazama kama folda ipo. Tumia programu inayolinganisha maudhui ya pande mbili baada ya kunakili. FreeFileSync ina uwezo huo na ni ya bure, na TeraCopy hufanya uhakiki kila inaponakili ukiiamuru. Kisha fungua rekodi mbili tatu kutoka kwenye nakala, si kutoka kwenye asili, na usikilize katikati na mwisho. Kebo mbovu ya USB huweza kuharibu faili bila kutoa onyo lolote.

Kuhusu umbizo la diski ya nje, watu wengi huchagua exFAT kwa sababu Windows na Mac huiandika zote. Tatizo ni kwamba exFAT haitunzi kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, kwa hiyo umeme ukikatika au kebo ikichomoka katikati ya kuandika, uwezekano wa kuharibika kwa orodha nzima ya faili ni mkubwa kuliko kwa NTFS. Kwa kuwa wewe ni mtu wa Windows, tumia NTFS kwa diski zako zote mbili za akiba. Kwa sababu hiyo hiyo ya umeme, nunua diski ndogo za inchi 2.5 zinazopata nguvu kutoka laptopu yenyewe. Zile kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake ya ukutani. Jenereta inapokabidhiana na umeme wa gridi, betri ya laptopu haiyumbi, lakini diski hiyo huzimika ghafla huku ikiandika.

Kuna jambo la diski za kuzunguka ambalo mafundi wa sauti wanapaswa kulijua kuliko mafundi wengine wote. Ndani yake kichwa kinachosoma huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, na mtikisiko hukifanya kikose mstari wake. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, aliyekuwa Sun Microsystems, alionyesha kwa vipimo kwamba kuzipigia kelele diski za seva kwa mdomo tu kulitosha kuzichelewesha. Septemba 2016 kituo cha data cha benki ya ING mjini Bucharest kilisimama baada ya jaribio la mfumo wa kuzimia moto, kwa sababu gesi ilipotoka kwenye matundu ilitoa kelele kali iliyoziharibu diski. Sabufa za inchi 18 hutikisa jukwaa na meza kwa saa nyingi. Kwa hiyo laptopu yenye diski ya kuzunguka isiwekwe juu ya boksi la spika, wala juu ya raki ya amplifaya, wala kwenye jukwaa lenye mbao tupu lililo juu ya sabufa. Iwekwe kwenye meza ya mikisa, juu ya kipande kinene cha sponji. Ikiwezekana, badilisha kabisa hiyo diski ya ndani ya TB 1 iwe SSD, na rekodi za moja kwa moja ziandikwe humo.

Lakini usizifanye SSD kuwa ghala la miaka. SSD iliyochakaa na isiyopewa umeme hupoteza polepole kilichomo, na joto huharakisha upotevu huo. Kipimo cha chama cha viwanda JEDEC kwa SSD za kawaida zilizofikia mwisho wa uhai wake wa kuandikwa ni mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30. Rekodi za kuhifadhi ziwe kwenye diski za kuzunguka, zikiwa zimezimwa na kufungiwa pakavu, na uziwashe mara moja moja kwa mwaka kuzisoma.

Sasa swali lako la mwisho. Hapana, usiiache programu ya nakala ifanye kazi wakati wa onyesho. Kwa bafa ya sampuli 128 katika kHz 48, kompyuta ina milisekunde 2.7 tu ya kuandaa kila kipande cha sauti. MB 4.6 kwa sekunde ni mzigo mwepesi kwa diski yoyote inayofanya kazi hiyo peke yake. Lakini programu ya nakala ikianza kusoma maelfu ya faili ndogo kwenye diski ile ile ya kuzunguka, kichwa kinarukaruka huku na huko, kila mruko ukigharimu takriban milisekunde kumi au zaidi, na rekodi inaanza kukatika. Diski ya nje nayo hushindana na mikisa ikiwa zimepitia kigawanyio kimoja cha USB. File History, chombo cha nakala kilichomo ndani ya Windows, huamka kila saa kama mpangilio wake haujaguswa, na Time Machine vivyo hivyo. Zima vyote hivyo kwenye laptopu ya kazi, simamisha masasisho kabla ya wiki ya shughuli, na kata Wi-Fi ukifika uwanjani. Nakala ifanywe mwishoni, muziki ukiisha, wakati wasaidizi wanakunja kebo: GB 50 kwa USB 3 kwenda diski ya kuzunguka ni kama dakika kumi, ilhali kwa mlango wa zamani wa USB 2 ni karibu nusu saa.

Ukitaka usalama wakati rekodi inaendelea, njia yake ni kurekodi mahali pawili. Kadi ya X-LIVE, inayoingia ndani ya mikisa kama yako, ina nafasi mbili za kadi za SD na hurekodi chaneli 32 bila kutegemea kompyuta, kwa jumla ya karibu saa tatu ikiwa na kadi mbili za GB 32. Huandika vipande visivyozidi GB 4, ambavyo kwa chaneli 32 ni kama dakika 11 na nusu kila kimoja. Nakili folda nzima ya kipindi, usiokoteze vipande, kwani kimoja kikikosekana chaneli zote hukosa dakika hizo. Na kama kuna mtu atakayekushauri uweke diski mbili zinazoandikana kama kioo ndani ya mashine, mjibu kwamba hizo hukulinda na kifo cha diski moja tu: faili ukiifuta hufutwa kote, na virusi vikiisimba husimbwa kote. Ndiyo maana pia diski ya akiba haikai imechomekwa.

Unapokwenda kununua, jihadhari na flashi na diski za bei ya ajabu, hasa zile "za TB 16" zenye ukubwa wa kiberiti. Nyingi zina GB chache ndani na hudanganya kompyuta. Huandika juu ya kilichomo bila kulalamika. Pima kila kifaa kipya kwa programu ya H2testw, au F3 kama unatumia Linux, mpaka mwisho wa ukubwa wake, ungali na risiti ya duka.

Kwa fedha chache ningefuata utaratibu huu: kwanza SSD ya pili ya GB 256 au zaidi na flashi mbili, kwa kuwa ndizo zinazokuokoa siku ya shughuli; kisha diski ya nje ya pili kwa ajili ya rekodi; kisha kadi ya X-LIVE; na mwisho laptopu ya pili, hata iliyotumika, ambayo kazi yake ni kupiga traki tu. Ukishapata ile SSD, chagua siku isiyo na kazi, fungua laptopu, iingize, na upige onyesho zima la Jumapili iliyopita kutoka mwanzo hadi mwisho huku saa ikiwa mezani. Andika dakika ulizotumia kwenye karatasi na uibandike ndani ya mfuniko wa boksi, pamoja na ukubwa wa bisibisi.